Nauli ya Watu

Daftari lenyewe ni la kurasa tisini na sita, la mistari, jalada limepauka. Mathe huliweka kabatini, chini ya vitambaa vya makochi vinavyotolewa Krismasi. Ndani yake kuna majina 143 ya watu waliochanga kwenye harambee yangu, Agosti 2019, hapa kwetu Moiben, nilipoitwa chuo kikuu. Kila jina lina kiasi chake. Kogo: kuku wawili, waliopigwa mnada wakafika shilingi 3,600. Jirani wa ng'ambo ya barabara: gunia moja la mahindi. Mwalimu wangu wa darasa la sita: 500. Mama anayeuza sukuma pale stegini: 200, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "ameongeza 50".

Chuo sikumaliza. Februari 2023, nikiwa mwaka wa tatu, salio la karo lilikuwa limefika mahali ambapo hata kulifungua kwenye simu nilikuwa naogopa. Nikakosa kadi ya mtihani. Kuna pesa nilizopewa nilipe, nikazilia mambo mengine, na hapo simsingizii mtu. Nilipaswa kupanda matatu ya Moiben, nifike nyumbani, niketi jikoni na mathe nimweleze. Nilipanda basi la usiku la Kampala. Nilikuwa na shilingi 9,400, kitambulisho, nguo za kubadilisha mara mbili, na raba za kukimbilia nilizopewa na binamu yangu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu, na nadhani kama wangedai pasipoti mimi leo ningekuwa mtu tofauti kidogo. Saa ngapi tulivuka Malaba sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba tulipofika daraja jipya la Jinja kulikuwa kunapambazuka, na mimi nilikuwa nimezima simu.

Kampala nilikaa siku tisa. Sikuwa namjua mtu. Nilipata chumba cha lojing karibu na Old Taxi Park, elfu kumi na tano za Uganda kwa usiku, ambazo zilikuwa kama mia tano na kitu za kwetu, na dirisha lake lilitazama ukuta. Siku ya kwanza nilimwambia kijana mmoja nataka matatu, akanitazama. Kule matatu inaitwa takisi, na mimi takisi niliyoijua ni ile ya wenye pesa, kwa hiyo nilitembea kwa miguu karibu nusu siku kabla ya kugundua kwamba zile gari nyeupe za mistari ya buluu zilizokuwa zikinipita ndizo za watu kama mimi. Asubuhi nilikula roleksi, chapati iliyokunjiwa mayai ndani. Mchana nilijifanya sina njaa. Jioni roleksi tena. Kiswahili nilikitumia kwa tahadhari kwa sababu wazee wengine kule bado wanakisikia kama lugha ya askari, lakini mama mwenye lojing alinijibu vizuri tu, akiniita ssebo.

Nilipanda vilima. Mji ule ni wa vilima, na kilima hakina kiingilio. Makerere nilifika nikakuta lile jengo kuu limezungushiwa mabati. Liliungua Septemba 2020 na walikuwa wanalijenga upya. Nikasimama pale kama mtu aliyekuja matanga kwa kuchelewa. Msikiti wa Gaddafi, pale Old Kampala, una mnara unaoweza kupanda ukaona mji wote, ila ada yake ingenilia chakula cha siku mbili, nikauangalia mnara wenyewe kutoka chini nikaenda zangu.

Siku ya tatu nilinunua kitabu. Muuzaji alikuwa amevitandaza chini kwenye gunia, na kati ya vitabu vya uhasibu na vya maombi kulikuwa na wasifu wa Jomo Kenyatta ulioandikwa na Jeremy Murray-Brown, wa mwaka 1972, hauna jalada. Elfu nane za Uganda. Ilikuwa pesa ya chakula, najua. Lakini mtu akiwa peke yake kwenye mji asioujua, chumba bila kitu cha kusoma ni noma kuliko njaa.

Niseme mapema kwamba kwetu Kenyatta hapendwi hivyo. Kugo alizaliwa kwenye shamba la Kaburu. Makaburu walifika Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, wakagawiwa ardhi kwa namba, na Eldoret yenyewe ikaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanaiita Sisibo. Uhuru ulipokuja, mashamba hayo hayakurudishwa bure kwa mtu. Yaliuzwa, kwa mikopo na kwa kampuni, na aliyekuwa na doo ndiye aliyenunua. Mwaka 1969 Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, alitoa lile Azimio la Nandi Hills kuhusu ardhi hiyo, na serikali ya Kenyatta ikamfikisha mahakamani. Kugo alikuwa akiona uso wa Mzee kwenye sarafu anasema, "Huyu alienda London kudai mashamba, akarudi akatuuzia." Kwa hiyo sikukifungua kile kitabu kwa mapenzi. Nilikuwa natafuta ubaya.

Nilichokikuta kwanza ni mtu ambaye hajalipa kodi ya nyumba.

Mwaka 1928 alikuwa anaitwa Johnstone Kenyatta na alikuwa na kazi nzuri kwa Mwafrika wa Nairobi ya wakati ule: kusoma mita za maji za manispaa. Aliiacha. Alikuwa amechukuliwa na chama cha Kikuyu Central Association, KCA, awe katibu wao mkuu na mhariri wa gazeti lao la Kikuyu, Muigwithania. Chama kilitaka mtu wa kupeleka malalamiko ya ardhi moja kwa moja Uingereza, na wanachama wakachanga. Gavana, Edward Grigg, hakutaka aende. Februari 1929 akapanda meli Mombasa. Nyumbani alimwacha mkewe, Grace Wahu, mtoto wao Muigai wa miaka minane, na Wambui aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja.

Hiyo sentensi ya wanachama wakachanga niliisoma mara tatu pale kitandani. Hakikuwa chama cha matajiri. Walikuwa watu wa kulipa kodi ya kibanda, watu wa kuuza mahindi na ngozi. Najua shilingi ya namna hiyo inavyotoka: inafunguliwa kutoka kwenye fundo la leso, inahesabiwa mara mbili, na jina linaandikwa.

London aliyofika ilikuwa mji mkubwa kupita kiasi. Sensa ya 1931 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane katika London na vitongoji vyake; Nairobi aliyotoka ilikuwa na makumi ya maelfu tu. Mwanzoni alipata mahali kwa wanafunzi wa Afrika Magharibi, waliokuwa na chama chao, WASU, chini ya Ladipo Solanke. Baadaye akahama akapanga. Pesa za KCA zikamwishia, na inaonekana hakuwa mtu wa kubana matumizi; wamishonari walilalamika kwamba anatumia vibaya. Mwenye nyumba akazuia vitu vyake kwa sababu ya deni.

Nilicheka kwa sauti nikajiziba mdomo, kwa sababu ukuta wa lojing ni wa ceiling board na jirani alikuwa amelala. Nilikuwa nadaiwa usiku mmoja.

Kinachonivutia ni jinsi mtu huyo alivyoujua mji ule kupitia milango. Wizara ya Makoloni haikuwa na haraka naye. Aliyemsaidia sana alikuwa W. McGregor Ross, Mwingereza aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kazi za umma Kenya na ambaye baadaye aliandika kitabu cha kuukosoa utawala ule. Huyo alimfundisha namna ya kuongea na wakubwa, akamkaribisha kwake. Wasoshalisti walimpa majukwaa. Agosti 1929 alienda Moscow. Januari 1930 alikutana na Drummond Shiels, naibu waziri wa makoloni, ndani ya bunge, na Machi gazeti la The Times likachapa barua yake. Hapo ukihesabu ni mwaka mzima wa kuhangaika na kusubiri, na mavuno ni barua moja gazetini na vikao kadhaa. Waliochanga walisubiri ardhi.

Septemba 1930 alirudi Kenya. Mei 1931 akatumwa tena, sasa akiwa na mwenzake Parmenas Mockerie, wakatoe ushahidi mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa inajadili hatima ya Afrika Mashariki. Kamati ilisikiliza Waafrika waliopelekwa na serikali, Chifu Koinange akiwa mmojawao. Wawili wa KCA walibaki nje. Mockerie alisoma kidogo, akachapisha kitabu 1934, akarudi kwao. Kenyatta hakurudi. Alikaa miaka kumi na tano.

Hapa ndipo kitabu kilinishika, kwa sababu mtu aliyetumwa kazi na kazi ikashindikana, halafu akakaa, huyo namjua. Mwaka wa kwanza unaweza kusema unasubiri nafasi. Mwaka wa tano unasema nini?

Si yeye wa kwanza kutoka huku kwetu kuzubaa kwenye miji ya Ulaya. Sayyida Salme wa Unguja aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akafika Hamburg 1867. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo na pesa isiyotosha, akawa anahama mji hadi mji kutafuta maisha ya bei nafuu. Mnamo 1886 alichapisha kumbukumbu zake, na sehemu ya sababu ilikuwa hiyohiyo, fedha. Amur bin Nasur, Mzanzibari mwingine, alifundisha Kiswahili Berlin miaka ya 1890. Wa aina hii ni wengi, na karibu wote ukiwasoma unakuta mahali fulani kuna bili.

Tangu 1933 mpaka 1937 Kenyatta aliishi nyumba namba 95 mtaa wa Cambridge Street, Pimlico, karibu na stesheni ya Victoria. Siku hizi ukutani kuna kibao cha buluu cha kumbukumbu, kinachosema aliishi hapo rais wa kwanza wa Kenya. Hakisemi kwamba kodi ilikuwa inamshinda. Alikula kwa marafiki. Alifanya vibarua vya ajabu, na viwili lazima nivieleze.

Cha kwanza: Chuo Kikuu cha London, University College, kilimlipa atamke maneno ya lugha ya mama yake. Lilias Armstrong, mtaalamu wa sauti za lugha, alikuwa anachunguza Kikuyu, na kwa miaka kama miwili, 1935 hadi 1937, Kenyatta ndiye alikuwa mdomo wake. Anakaa kitini, anasema neno, anarudia, anapandisha sauti, anashusha. Armstrong alikufa 1937 na kitabu chake kikatoka 1940. Mwaka jana mimi nililipwa kusoma sentensi mia tatu za Kiswahili kwenye simu, nikiwa nimejifunika blanketi kichwani ili mvua ya mabati isisikike, kwa ajili ya programu fulani ambayo sijawahi kuiona. "Leta maji." "Leta maji?" "Leta maji!" Walilipa kwa dola, baada ya siku sitini. Sijui kama Kenyatta alisubiri siku sitini.

Cha pili ni sinema. Vuli ya 1934 kampuni ya Alexander Korda ilikuwa inapiga filamu ya Sanders of the River kwenye studio za Shepperton, nje kidogo ya London. Walijenga kijiji cha Afrika kando ya maji ya Uingereza wakahitaji Waafrika wa kukijaza, kama 250. Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyekuwa nyota kote duniani, alikuwa Bosambo. Kenyatta alikuwa mmoja wa wale wa nyuma, chifu mdogo. Filamu ilitoka 1935, na ujumbe wake ni kwamba Waafrika wangechinjana kama si yule mkuu wa wilaya Mzungu mwenye busara. Robeson mwenyewe aliichukia baadaye. Basi piga picha: mtu aliyetumwa na watu wake kuipinga serikali ya kikoloni, amevaa ngozi za kukodi, anasimama kwenye jua la taa, anaisifu serikali hiyo kwa malipo ya siku.

Nilitaka kumhukumu hapo, ndiyo. Nilikuwa nimepata ubaya niliokuwa nautafuta. Lakini usiku ule nilikuwa nimekula nusu roleksi na nusu nyingine nimeiweka kwenye gazeti kwa ajili ya asubuhi, na hukumu haikutoka vizuri.

Halafu chuo. Mwaka 1935 alianza kuhudhuria masomo ya anthropolojia ya Bronislaw Malinowski pale London School of Economics. Hakuwa na shahada. Hakuwa na vyeti vilivyotakiwa. Malinowski alimkubali hivyohivyo kwa sababu alitaka Waafrika waandike wenyewe kuhusu watu wao, na maandishi yake ya darasani ndiyo yakawa kitabu, Facing Mount Kenya, 1938. Kwa picha ya kitabu alivaa joho la ngozi la kuazima, akagusa ncha ya mkuki, na inasimuliwa kwamba mkuki wenyewe ulikuwa kipande cha ubao kilichochongwa. Jina la Johnstone liliachwa; kitabu kilitoka kwa jina la Jomo. Kiliuza nakala mia chache tu. Ndevu alikuwa ameziachia tangu Italia ilipoivamia Ethiopia 1935, na Haile Selassie alipofika London mkimbizi, Juni 1936, Kenyatta alikuwa miongoni mwa waliompokea stesheni ya Waterloo. Mfalme aliyepoteza nchi na katibu wa chama asiye na nauli ya kurudi kwao.

Wanaoandika makala za "waliacha chuo wakafaulu" wanapenda kutuletea mabilionea wa Marekani. Hawa wa kwetu hawawaleti. Ila nami siwezi kumleta Kenyatta kama ushahidi wangu, kwa sababu ya kitu nilichokikuta mbele, kwenye sura za vita.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliondoka London, akaenda Storrington, kijiji cha Sussex. Alilima mboga, akafuga kuku, na kuanzia Agosti 1940 akawa kibarua wa shamba. Kwenye baa ya kijiji walimwita Jumbo. Mei 1942 akamwoa mwalimu Mwingereza, Edna Clarke, na 1943 wakapata mtoto, Magana. Maisha yalikuwa yamepoa. Sasa, mwaka huohuo wa 1940 aliokuwa anaanza kuchimba viazi vya Mwingereza, serikali ya Kenya ilipiga marufuku KCA na kuwakamata viongozi wake, ikawazuilia Kapenguria. Kutoka Moiben ukienda Kitale, unapita, unaendelea kaskazini, unafika Kapenguria. Miaka kumi na miwili baadaye yeye mwenyewe angeshtakiwa hapohapo, na shule zetu hutufundisha ile ya 1952. Ile ya 1940 hawafundishi. Wale waliomtuma, waliokuwa wakishika daftari la michango, walikuwa wamefungiwa, na yeye alikuwa Jumbo.

Simlaumu kwa kutokamatwa. Asingeweza kurudi wakati wa vita hata angetaka. Lakini naona mstari mmoja: watu wanachanga, mtu anaenda, mtu anatembea mji wa watu peke yake, anajifunza, anapendwa, anakonda, ananenepa, na wale waliochanga wanazeeka wakiwa palepale. Mji wa ugenini unakusahaulisha kwa sababu hakuna anayekuuliza. Kampala hakuna mtu aliyeniuliza habari ya kadi ya mtihani. Nilikuwa nasimama juu ya kilima nikitazama bati jekundu la watu wasionijua na nilikuwa, samahani mathe, na furaha.

Oktoba 1945 Kenyatta alikuwa Manchester kwenye kongamano la Waafrika wote, pamoja na George Padmore na Kwame Nkrumah. Septemba 1946 meli ikamshusha Mombasa, na umati ukampokea. Edna alibaki Uingereza na mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo kurudi kwake kwa mmoja kulikuwa kuondoka kwake kwa mwingine. Wambui, yule aliyeachwa na mwaka mmoja, alikuwa na miaka kumi na minane. Wengi wanamjua kama Margaret Kenyatta, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Wahu aliishi mpaka 2007. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Mwanamke aliyeachwa Dagoretti 1929 na mimi tulipumua hewa moja nchi hii, na hakuna sarafu yenye uso wake.

Na mwaka 1963 mzee huyohuyo akiingia madarakani alichagua neno moja la taifa: harambee. Alijua alichokuwa anasema. Kabla yake Tom Mboya alikuwa amejaza ndege ya kwanza ya wanafunzi kwenda Marekani, 81 kwa pamoja, Septemba 1959, na huku nyumbani familia na vijiji vikachanga kwa chai na densi ili watoto wao wasifike kule mikono mitupu. Hiyo michango ndiyo mama wa ile yangu ya 2019, ya viti vya plastiki na MC aliyekuwa anawasumbua watu waongeze hamsini.

Siku ya nane pesa zilikwisha kabisa. Nilikuwa nadaiwa usiku mbili na mama wa lojing alikuwa ameanza kuniita jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho. Nikaenda Owino na zile raba. Binamu yangu hukimbia marathoni za nje. Mwaka ule alikuwa amekimbia mbili za Ulaya. Ukimuuliza ule mji ulikuwaje anakwambia kilima kilikuwa kilomita ya thelathini na moja, na kwamba hoteli walikuwa na uji wa ajabu. Anafika Jumatano, anakimbia Jumapili, Jumatatu yuko kwenye ndege. Huyo ndiye aliyenipa raba akisema nizitumie kuanza mazoezi. Mnunuzi wa Owino alizipinda, akainusa moja, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Eldoret. Bei ikapanda. Elfu themanini na tano! Nikalipa deni, nikala wali na nyama, nikakata tiketi. Nilirudi kwetu nikiwa nimevaa ndala.

Nilifika Moiben Jumamosi mchana. Mathe alikuwa anapukuchua mahindi ya mbegu. Alinitazama miguu kwanza. Sikulia, na yeye hakulia. Aliniambia niende nikaoge, kuna maji ya moto. Usiku nikamwambia yote, Kampala, karo, raba. Alinyamaza kitambo. Halafu akainuka, akalitoa daftari kabatini, akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kulala.

Nimelipia majina kumi na saba mpaka sasa. Sina mfumo. Ninapolipwa makala au kazi ya tafsiri, nachagua jina moja nilipe. Wengine hukataa; mwalimu wangu wa darasa la sita alinikemea kabisa, akasema mchango si mkopo na nisimtukane. Mama wa sukuma alipokea 250 zake, akahesabu, akaniuliza kama nimeshamaliza kusoma. Nilimwambia bado. Akanifungia sukuma ya ishirini, na nilipotaka kulipa akakataa, kwa hiyo hapo sijui nimebaki na deni la shilingi ngapi.

Nilipokuwa naandika haya nilimsomea mathe zile sehemu za London. Alikuwa anashona kifungo. Habari za Moscow hakuzijali, sinema ilimchekesha, Malinowski aliniambia nirudie jina. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo Wahu, hizo pesa za kulea watoto alikuwa anatoa wapi?"

Nikamwambia vitabu nilivyosoma vina kurasa nyingi za London.

Akakata uzi kwa meno. "Sawa. Ukimaliza na hilo daftari ulirudishe mahali ulipolitoa. Chini ya vitambaa, si juu."